Protini ya Karatasi na Protini ya Tumbo

Kanisani kwetu Parramatta, hapa Sydney, kuna desturi ya mgeni kusimama na kusema anafanya kazi gani. Jumapili yangu ya kwanza walisimama wanne kabla yangu: nesi, nesi, mhasibu, nesi. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Naitwa Mama Mwende, kwetu ni Machakos, na kazi yangu ni kuwapikia fereti." Mzee mmoja wa viti vya nyuma akauliza kama hao Fereti ni familia ya Waitaliano.

Ninyi mlioajiriwa kwenye kiwanda chetu cha chakula cha fereti pale Villawood baada ya mimi kustaafu mmeniomba niwaandikie niliyoyajua. Nitaandika, ila msinitake nianze mwanzo niende mwisho. Kichwa changu hakikupangwa hivyo.

Kwa ambaye ameingia juzi tu: fereti ni mnyama mwembamba, mrefu, wa jamii ya kicheche, ambaye watu wa huku wanamfuga nyumbani kama sisi tunavyofuga paka. Ndugu yake wa karibu ni minki, ambaye kule nchi za baridi hufugwa mashambani kwa ajili ya manyoya yake. Ndani ya ngozi wanakaribia kufanana. Wote wawili ni wala nyama kamili na utumbo wao ni mfupi sana. Chakula kikiingia asubuhi, kabla ya saa sita mchana kimeshatoka. Kwa hiyo usimpe kitu kinachohitaji kukaa tumboni ili kimeng'enywe. Hana muda huo.

Hili nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza niliona chakula chetu ni nyama tupu nikakihurumia. Nyumbani tulilisha mbwa ugali na wakabweka vizuri tu. Basi siku moja nikaongeza unga wa mahindi kwenye nyama ya kusagwa, kidogo tu, kushikilia. Siku mbili baadaye mwalimu wangu aliniita akanionyesha choo cha fereti wetu wa majaribio. Unga ulikuwa pale pale, mweupe, kama haujawahi kuonana na mnyama.

"Muteo," aliniambia, maana jina langu Mutheu lilimshinda mpaka leo, "huyu hujamlisha. Umempitishia."

Mwalimu huyo ni Mzee Nils. Alizaliwa Denmark, kwenye shamba la minki la baba yake, akaja Sydney kijana, akaishia kwenye kiwanda chetu kidogo akisimamia mapishi. Kila alichojua kuhusu fereti alikitoa kwa minki. Alinifundisha kwamba mnyama hali mapishi yale yale mwaka mzima. Minki dume na jike wasionyonyesha huhitaji kama theluthi ya nguvu yao itoke kwenye protini, na sehemu kubwa iliyobaki itoke kwenye mafuta. Kabla ya kupandana hupunguzwa unene, kisha huongezewa chakula ghafla, na mimba hushika vizuri. Majira ya manyoya kuota wanataka ile protini yenye salfa, kwa sababu, kama alivyosema yeye, manyoya ni protini iliyovaliwa nje. Lakini mama anayenyonyesha ndiye mwenye madai makubwa kuliko wote. Kwake protini hupanda ikaribie nusu ya nguvu yote anayokula, maana maziwa yake anayatengeneza kwa nyama, na asipoipata kwenye sahani ataikata kwenye mwili wake mwenyewe.

Nils hakuamini karatasi za maabara peke yake. Siku moja alikata kipande cha kiatu chake kikuukuu cha ngozi, akakichemsha, akakisaga, akakitia kimyakimya kwenye kikopo chake, kama sampuli moja kati ya zile tulizokuwa tunapeleka kupimwa. Majibu yaliporudi, kiatu kilikuwa na protini nyingi kuliko kuku. Alicheka mpaka akakaa chini. Maabara, alinieleza, hupima naitrojeni kisha hukisia protini. Haiulizi kama tumbo linaweza kuivunja. "Soma karatasi," alisema, "halafu nenda ukasome choo."

Basi nilisoma choo kwa miaka kumi na minane. Kikiwa laini na kimeshikana, mambo ni mazuri. Kikiwa na chembechembe kama mtama, chakula kinapita bure. Kikiwa kigumu na cheupe kama chaki, umezidisha mifupa. Andikeni hayo mahali.

Halafu korona ikaja.

Mwaka wa kwanza wa korona, kule Denmark, ugonjwa uliingia kwenye mashamba ya minki, na serikali ikaamua minki wa nchi nzima wauawe. Mpwa wake Nils ndiye aliyekuwa amebaki na lile shamba la babu. Nils alipokea simu tukiwa kazini. Aliketi juu ya kreti la plastiki karibu na friza, barakoa imeshuka kidevuni, akaniambia, "Hakuna tena wa kutumia ninachokijua." Nikamletea chai. Mwisho wa mwaka ule alistaafu akahamia kwenye makao ya wazee upande wa kaskazini mwa jiji, na mimi nikakabidhiwa kalamu yake. Kila pishi la chakula lilihitaji sahihi moja kabla halijatoka, na sahihi hiyo sasa ilikuwa yangu.

Mwaka uliofuata Sydney ilifungwa. Mnakumbuka, au wazazi wenu wanakumbuka. Sisi wa mitaa ya Fairfield tulibanwa zaidi: helikopta juu ya mapaa, askari wakigonga milango, kupimwa pua kila baada ya siku chache ndipo uruhusiwe kwenda kazini. Kiwanda chetu kiliruhusiwa kuendelea kwa sababu wanyama hawafungiwi njaa. Lakini machinjio ya kuku yalikosa wafanyakazi, na shingo na mioyo ya kuku tuliyozoea ikaacha kuja.

Msimamizi wetu mpya aliitwa Darren. Si mtu mbaya, niseme mapema. Alikuwa kijana msomi, mwenye heshima, ila alikuwa hajawahi kushika nyama bila kwanza kuitafuta kwenye kompyuta. Shingo zilipokosekana akanunua unga wa kuku uliotengenezwa kwa mabaki, miguu na manyoya yakiwemo, akaongeza unga wa njegere. Akapiga hesabu, akafurahi.

"Mama Mwende, protini imepanda!" aliniambia.

Nilichukua unga ule nikaunusa, nikausugua kwenye kiganja. Ulikuwa mkavu, wa kukwaruza, kama vumbi la mseremala. Roho yangu ikakataa. Lakini karatasi ilikuwa sawa, nyama hakuna, na mimi nikasaini. Hilo ndilo kosa langu kubwa katika miaka yote, na nalisema wazi ili lisiwe lenu.

Wiki mbili baadaye, mwezi wa tisa, alipiga simu Sandra. Huyu ni mama mmoja anayeishi juu kule milimani nyuma ya Penrith, mfugaji wa fereti, mteja wetu tangu enzi za Nils. Wakati ule alikuwa na majike sita waliozaa, na watoto arobaini na mmoja.

"Wanakula kuliko kawaida," alisema, "lakini wanakonda. Nashika mgongo nahesabu mifupa. Watoto wanalia mchana kutwa. Leo asubuhi wawili wamekufa."

"Nitumie picha za choo," nikamwambia.

Sheria haikuniruhusu kwenda kwake, kwa hiyo choo kilikuja kwangu. Picha kumi na moja. Binti yangu Mwende, aliyekuwa amejifungua mwezi mmoja tu nyuma na kukaa nami Fairfield, alichukua simu yangu atazame picha za mtoto wake. Akaniuliza kwa Kiingereza chake cha hapa kama nina matatizo ya akili. Mimi sikucheka. Choo kilikuwa kingi, kimejaa chembechembe. Wale majike walikuwa wanakula sahani nzima ya protini ya karatasi, na maziwa wanayatoa kwenye misuli ya migongo yao.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia Darren pishi lile lisitoke tena.

"Lakini namba ziko sawa," akasema, akanigeuzia kompyuta. "Tazama mwenyewe."

"Nimetazama. Karatasi haina tumbo, Darren."

"Nyama nitaitoa wapi? Tukisimama wiki moja, wateja watahama. Kuna watu tisa hapa ndani wanategemea mashine hizi."

"Na mimi ni mmoja wao. Lakini sisaini."

Masikio yake yakawa mekundu. "Basi nitamtafuta mwingine wa kusaini."

Mashine ya kusagia ikazimika. Aliyeizima ni Baba Furaha, Mkongo wa Bukavu, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo, ambaye kwa miaka sita sikuwahi kumsikia akibishana na bosi. Akafuta mikono kwenye aproni.

"Kama Mama Mwende hasaini," akasema, "miye nasaga nini?"

Sijui Darren alielewa Kiswahili kiasi gani, ila ukimya wa mashine aliuelewa. Alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Mwishowe akanipa wiki moja na ruhusa ya kununua chochote kinachopatikana. Wiki moja. Ikishindikana tunarudi kwenye unga, na sahihi itakuwa ya mtu mwingine.

Kilichopatikana kilikuwa kangaruu. Nyama nyekundu, safi, inamwagika kwa protini. Niliichanganya na maini kidogo na mayai yaliyochemshwa. Kumbukeni kuyachemsha, mayai mabichi mengi huharibu manyoya ya minki na fereti vilevile. Lori letu lenye kibali likapeleka kwa Sandra. Nilitembea kiwandani kama bibi harusi. Siku ya pili picha zikaja: choo kizuri ajabu, laini, kimeshikana. Nikamwonyesha Darren. Nikamwonyesha Baba Furaha. Kama askari wa barabarani angenisimamisha ningemwonyesha naye.

Siku ya tatu Sandra akapima uzito. Majike walikuwa wameendelea kukonda.

Siku tatu kati ya saba zilikuwa zimekwenda. Nikaenda nje kwenye maegesho, nikampigia Mzee Nils kule makaoni, ambako wageni walikuwa wamepigwa marufuku. Nilimweleza yote. Alisikiliza bila kunikatiza. Halafu akauliza neno moja tu.

"Mafuta?"

Kangaruu ni mnyama wa kukimbia, hana mafuta hata ya kukaangia yai. Miaka kumi na minane nimefundishwa, na nilikuwa nimeangalia protini kwa hamu mpaka nikasahau nguvu.

"Muteo," akasema, na sauti yake ilikuwa imeamka, sauti ile ya zamani ya kiwandani, "umempa protini nzuri, naye anaichoma apate nguvu ya kuishi. Ni kama mtu anayeng'oa milango ya nyumba yake akoke moto. Joto atalipata, lakini nyumba inabaki wazi. Mpe mafuta achome, ili protini iende kwenye maziwa. Mafuta ya kuku, si ya ng'ombe. Ya ng'ombe ni magumu kwa tumbo lile. Na chumvi kidogo, na maji mengi. Jike wa minki anayenyonyesha hufa kwa kukauka kabla hajafa kwa njaa."

"Mafuta ya kuku nitayapata wapi sasa?"

"Hilo sijui," akasema. "Nipigie kesho. Nipigie kila siku."

Aliyejua ni Baba Furaha. Pale Fairfield, karibu na stesheni, kulikuwa na mwenye bucha aliyekuwa anachuna ngozi za kuku na kuzitupa kwa sababu mikahawa aliyokuwa akiiuzia ilikuwa imefungwa. Ngozi ya kuku ni mafuta matupu. Baba Furaha alirudi na ndoo nne, barakoa mbili usoni, akacheka kicheko ambacho sikujua anacho.

"Mama, ule mtu amenipa bule. Anasema nimwondolee tu!"

Darren mwenyewe alipiga hesabu upya, safari hii na mimi nimesimama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza aliniuliza maswali badala ya kunijibu. Tukapanga nguvu kwanza, halafu protini ndani ya nguvu hiyo, kama Nils alivyokuwa akipanga. Nikasaini.

Ila kulikuwa na jambo moja bado linanisumbua: maji. Nils aliniambia maji mengi, naye Sandra aliniambia majike wamedhoofika hata kwenda kwenye chombo cha maji wanaona uvivu. Jumamosi ile mchana nilikuwa jikoni nyumbani nampikia Mwende supu ya miguu ya kuku, maana mzazi wa kwetu hanyonyeshi kwa chai na mkate. Akaketi na mtoto kifuani, akanywa bakuli la kwanza, akanyoosha mkono apewe la pili. Nikabaki nimeshika upawa hewani.

"Nini tena?" Mwende akauliza.

"Nawaza fereti."

"Mum! Unaniangalia mimi unawaza fereti?"

Nilikuwa nimeshatoka kutafuta simu. Jumapili nilichemsha kiwandani sufuria kubwa ya miguu ya kuku kutoka bucha lile lile, nikachuja mifupa yote, nikatia chumvi kidogo, na lori likaupeleka mchuzi kwa Sandra pamoja na pishi jipya. Kwenye hesabu ya protini sikuiandika hata gramu moja, kwa sababu protini ya miguu ni ya kushika mchuzi tu, si ya kujenga mwili. Kazi yake ilikuwa kubeba maji. Minki wa akina Nils walilishwa juu ya waya wa kizimba, kwa hiyo chakula chao kilitakiwa kiwe kigumu kisidondoke. Lakini fereti wa Sandra wanakula kwenye bakuli! Nani alisema lazima kiwe kigumu? Nikamwagiza Sandra ayeyushe chakula ndani ya mchuzi ule wa vuguvugu, mpaka kiwe kama uji mzito, asogeze bakuli mpaka mlangoni pa kiota.

Jumatatu hakupiga simu. Jumanne hakupiga. Darren alikuwa anapita mlangoni kwangu kila nusu saa akijifanya anatafuta stepla. Jumatano, siku ya mwisho ya wiki niliyopewa, simu ikalia tukiwa wote kwenye chumba cha kusagia, na nikaiweka kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Nimewapima mara mbili kwa sababu sikuamini mizani," Sandra alisema. "Majike wote sita wameongezeka. Wote! Wanalamba bakuli mpaka linazunguka sakafuni. Na sikilizeni hili. Watoto wametoka wenyewe. Hawajafungua macho vizuri, lakini wamefuata harufu, wameingia kwenye mchuzi mpaka masikioni. Wanakula! Mama zao wamelala pembeni wanapumzika. Thelathini na tisa, Mama Mwende. Sijapoteza mwingine hata mmoja."

Baba Furaha alipiga kelele ya Kikongo ambayo nadhani hata kule kwenye kituo cha kuzuilia wahamiaji kilicho jirani yetu waliisikia. Watu tisa tukaruka kati ya mashine za chuma na buti zetu za mpira, mita moja na nusu kati ya mtu na mtu tumeisahau kabisa. Darren alikuwa analia na hakujificha. Siku hiyo hiyo aliandika barua kwa wateja wote kwamba pishi la unga limeondolewa, na wanaonyonyesha wapewe pishi jipya. Wiki mbili baadaye wafugaji wengine saba walikuwa wameliagiza, na mpaka leo linatoka. Ndilo lile mnaloliita namba nne. Sasa mnajua lilikotoka.

Lakini kabla ya barua hiyo nilitoka kwanza nje kwenye maegesho nikampigia Mzee Nils. Aliniuliza uzito wa majike kabla ya watoto, kama nilivyojua atauliza. Nikamsomea jike mmoja mmoja. Kila namba alisema "ndiyo", polepole, kama mtu anayeonja kitu. Halafu nikamweleza kuhusu watoto walioingia kwenye bakuli wakiwa na wiki tatu, na kuhusu mchuzi.

"Hilo la mchuzi," akasema, "mimi sikukufundisha."

"Hapana, Mzee."

"Baba yangu pia hakulijua."

Nikasikia droo ikifunguliwa upande wake, na karatasi zikipekuliwa.

"Subiri nivae miwani," akasema Mzee Nils. "Sasa anza tena, polepole. Maji kiasi gani?"